Mikono Mitupu, Kitabu na Sinema: Moyo Wapata Wapi Amani?

Huenda umekwisha kusikia habari za watu waponyao wagonjwa kwa kuwawekea mikono tu, pasipo dawa, pasipo sindano wala kisu. Siku hizi hata kijijini habari hizo zafika, maana kijana mwenye simu hufungua intaneti akamsomea mama yake yaliyoandikwa ng'ambo. Wenye kazi hiyo husema kwamba ndani ya kila mtu mna nguvu ya uhai, nayo hupita mwilini kama maji katika mfereji. Mfereji ukiziba, mtu huugua. Ukizibuliwa, hupona, na moyo wake hutulia. Tena wako waongezao kwamba dini zote hukutana hapo, na kwa hiyo asiyeikubali tiba hiyo ni mtu wa kuwabagua wenzake wa dini nyingine.

Maneno hayo ni matamu. Lakini yamefunga mzigo mmoja kwa vitu vitatu visivyo sawa: afya ya mwili, amani ya moyo, na heshima tuwapayo majirani wa dini nyingine. Yafaa tuufungue mzigo huo polepole, maana asiyeufungua aweza siku moja kumzika mkewe kabla ya wakati, au kugombana na jirani yake bure.

Mtu wa mlima Kurama

Tiba ya mikono iliyoenea sana duniani yaitwa reiki. Ilianza Japani. Mwanzilishi wake, Mikao Usui, alizaliwa mwaka 1865. Wanafunzi wake husimulia kwamba mwaka 1922 alipanda mlima Kurama, karibu na mji wa Kyoto, akafunga kula na kutafakari siku 21, kisha akashuka akiamini kwamba amepewa nguvu ya kuponya. Mwaka huo huo akaanzisha chama chake mjini Tokyo. Tarehe 1 Septemba 1923 tetemeko kubwa la ardhi likaipiga miji ya Tokyo na Yokohama, watu wapatao laki moja wakafa, naye Usui akawahudumia walioumia. Alifariki mwaka 1926. Jiwe la kumbukumbu yake lipo katika uwanja wa hekalu la Wabudha huko Tokyo.

Aliyeivusha tiba hiyo bahari ni mama mmoja, Hawayo Takata. Alizaliwa mwaka 1900 katika visiwa vya Hawaii, mtoto wa Wajapani waliokwenda huko kufanya kazi katika mashamba ya miwa. Mumewe alifariki mwaka 1930, akamwachia watoto wawili wa kike na kazi zisizokwisha. Mwili wake ukadhoofika. Mwaka 1935 alikwenda Japani, akaingia katika zahanati ya Chujiro Hayashi, mwanafunzi wa Usui aliyekuwa zamani ofisa wa jeshi la maji. Hapo akawekewa mikono siku baada ya siku, kwa miezi kadhaa, akajiona mzima. Akajifunza kazi, na mwaka 1937 akarudi kwao kuifanya.

Hapa pana jambo la kutazamwa vizuri. Mama Takata aliwasimulia Wamarekani kwamba Usui alikuwa Mkristu, mwalimu mkuu wa shule ya Kikristu mjini Kyoto, tena aliyesoma katika chuo kikuu cha Chicago. Baadaye watu walitafuta jina lake katika vyuo hivyo, wasilione. Kwa nini basi mama huyo alisimulia hivyo? Wengi hudhani kwamba baada ya vita vya Marekani na Japani, vya mwaka 1941 hadi 1945, kitu cha Kijapani kilichukiwa, naye akakivika nguo ya Kikristu kipate kupita mlangoni. Twaweza kumwonea huruma. Lakini huko si kuheshimu dini. Ukimvika Mbudha kanzu ya padre, hukumheshimu Mbudha, wala hukumheshimu padre. Atakaye kuishi vema na jirani yake lazima kwanza akubali kwamba jirani huyo ni yule aliye, si yule ambaye angependa awe.

(Na fedha? Ada ya kufikia daraja la mwalimu mkuu Mama Takata aliiweka dola 10,000. Msomaji mkulima apige hesabu mwenyewe ni magunia mangapi ya mahindi.)

Msichana na ubao wa karatasi

Je, hiyo nguvu ipo? Aliyeuliza swali hilo kwa njia iliyo wazi kupita wote hakuwa profesa. Alikuwa mtoto wa shule wa miaka 9, jina lake Emily Rosa, wa jimbo la Colorado huko Marekani. Mama yake alikuwa muuguzi, na wakati ule wauguzi wengi wa nchi hiyo walifundishwa tiba iliyo ndugu ya reiki: muuguzi hupitisha mikono juu ya mgonjwa bila kumgusa, akisema kwamba aisikia ile nguvu ikitoka mwilini. Tiba hiyo ilianzishwa mwaka 1972 na Dolores Krieger, profesa wa uuguzi mjini New York, pamoja na mwenzake Dora Kunz.

Mtoto akawaza hivi: kama waisikia nguvu ya mtu kwa mikono, basi wataweza kusema mkono wangu uko wapi hata wasipouona. Akasimamisha mezani ubao wa karatasi ngumu wenye matundu mawili chini. Mganga akakaa upande mmoja, akapitisha mikono yake miwili katika matundu, viganja juu. Upande wa pili Emily akarusha sarafu ili imchagulie, kisha akaweka mkono wake juu ya kiganja kimoja cha mganga, karibu lakini bila kukigusa. Akauliza: mkono wangu uko juu ya upi, wa kulia au wa kushoto?

Waganga 21 walikubali kujaribiwa, wengine wenye uzoefu wa miaka mingi. Waliulizwa mara 280. Mtu abahatishaye tu, macho kafumba, angepata kama mara 140. Wao walipata 123.

Habari hiyo ilichapishwa tarehe 1 Aprili 1998 katika jarida la Chama cha Madaktari wa Marekani, Emily akiwa na miaka 11. Kabla yake hakuna mtu mwenye umri mdogo namna hiyo aliyekuwa ameandika katika jarida hilo. Nasi tutazame adabu yake. Hakuwatukana wale waganga, wala hakuwaita wachawi. Aliwakaribisha mezani, akawauliza swali jepesi, akahesabu majibu. Laiti watu wazima wangebishana hivyo juu ya mambo ya dini.

Mbona basi watu husema wamepata nafuu?

Kwa sababu wamepata kweli. Hilo tusilikatae, maana tukilikataa tutakuwa tumemwita jirani yetu mwongo naye hakusema uongo.

Mwaka 2008 waganga wa hospitali walioko Boston, Marekani, walitoa habari za wagonjwa 262 wenye ugonjwa wa matumbo usumbuao kwa maumivu ya mara kwa mara. Waliwagawa makundi matatu. Kundi la kwanza waliambiwa wangoje zamu yao. Kundi la pili walichomwa sindano za Kichina, lakini za uongo: ncha yake butu hurudi ndani ya mpini, haiingii mwilini. Tena aliyewachoma hakusema nao ila maneno machache. Kundi la tatu walipewa sindano zile zile za uongo, lakini mganga alikaa nao kitako, akawauliza habari za ugonjwa na za maisha yao, akawasikiliza, akawagusa bega. Baada ya wiki tatu wagonjwa waliosema wamepata nafuu ya kutosha walikuwa 28 kwa mia katika kundi la kwanza, 44 kwa mia katika la pili, na 62 kwa mia katika la tatu. Na wote hao hakuna aliyepata sindano ya kweli!

Basi mama aliyelala saa nzima mahali palipo kimya, mtu mpole akimwekea mikono, pasipo mtoto kulia wala mume kudai chai, huinuka akijisikia mwepesi. Hatuhitaji mfereji wa nguvu ili kulifahamu jambo hilo. Ni mara ngapi mama huyo hukaa saa nzima katika mwaka?

Lakini sikia na habari ya pili, maana ndiyo iliyo nzito. Mwaka 2011, huko huko Boston, wagonjwa 39 wa pumu walipewa kwa zamu dawa ya kweli ya kuvuta, dawa ya uongo ya kuvuta, sindano za uongo, na siku nyingine hawakupewa kitu. Walipoulizwa wajisikiaje, dawa ya kweli iliwapa nafuu ya 50 kwa mia, dawa ya uongo 45, sindano za uongo 46; pasipo kitu, 21. Karibu sawa, waona? Kisha wakapimwa mapafu kwa mashine. Dawa ya kweli iliongeza pumzi kwa 20 kwa mia. Vile vingine vyote vilibaki kwenye 7 kwa mia, sawa na kutopewa kitu chochote.

Yaani mtu alisema "nimepona", na mapafu yake yalikuwa yamebana vile vile.

Hapo ndipo penye hatari, baba na mama wa nyumba. Uchovu, huzuni, kukosa usingizi, maumivu yaongezwayo na wasiwasi, hayo hutulizwa na mikono mipole na sikio lisikialo. Uvimbe wa titi hautulizwi hivyo. Sukari katika damu haitulizwi hivyo, wala malaria ya mtoto. Na kwa kuwa mgonjwa hujisikia vizuri, huahirisha kwenda hospitali mwezi huu, na mwezi ujao, hata siku daktari amwambiapo kwamba amechelewa. Wasomaji wa Tanzania hamjasahau mwaka 2011, malori na mabasi yalivyopanga foleni kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha shilingi 500. Wako waliotoka vitandani hospitalini kwenda huko, wako walioacha vidonge vyao, na wako waliokata roho njiani. Waliokwenda hawakuwa wajinga. Walikuwa wamechoka kuugua.

Kwa hiyo shangazi yako akisema amepata mtu wa kumwekea mikono, usimcheke, wala usimtisha kwa jehanamu. Mwulize kwanza kama dawa zake za hospitali anazo na anazimeza. Mwulize pia ametozwa nini. Kisha ukae naye saa moja wewe mwenyewe.

Sisi Wakatoliki tunalo na neno la maaskofu. Maaskofu wa Marekani walitamka tarehe 25 Machi 2009 kwamba reiki haifai kutumiwa katika hospitali na nyumba za mafungo za Kikatoliki, kwa kuwa haina msingi wa sayansi wala wa imani ya Kikristu. Tofauti yake na sala ni hii. Anayesali huomba, na aombaye aweza kunyimwa. Mwenye reiki haombi, yeye husema kwamba nguvu anayo mkononi. Mbudha naye, kwa sababu zake mwenyewe, aweza kutukatalia mambo yetu mengi. Kukataliana namna hiyo, kwa uso mkunjufu, si uadui.

Kitabu kilichochukiwa

Kama dawa ya moyo uliochoka ni kukaa na mtu na kusikilizwa, basi vitabu na sinema navyo vimo katika dawa hizo, maana kwavyo twaketi na watu tusioweza kuwafikia. Tena twaweza kuketi na yule tuliyefundishwa kumwogopa.

Mfano wa zamani ni mchezo wa kuigiza uitwao Nathan Mwenye Busara, alioutunga Mjerumani Gotthold Ephraim Lessing. Huyu alikuwa mtoto wa mchungaji wa Kilutheri, na mtunza maktaba wa mtawala wa Brunswick. Mwaka 1778 mtawala huyo alimkataza kuchapisha mabishano ya dini. Lessing akanyamaza kubishana, na mwaka 1779 akatoa hadithi. Ni habari ya mfanyabiashara Myahudi katika mji wa Yerusalemu, zamani za Sultani Saladini. Wakristu walikuwa wamemwulia mke na watoto saba wa kiume. Baada ya siku chache akaletewa mtoto yatima wa Kikristu, msichana mchanga, naye akampokea akamlea kama binti yake. Msomaji mzazi, simama hapo kidogo. Watoto saba! Mwisho wa mchezo wakutana Mwislamu, Myahudi na Mkristu, na waliodhani ni wageni waonekana kuwa jamaa.

Mchezo huo una maneno juu ya dini zote tatu ambayo Mkatoliki hatayakubali yote, nasi hatulazimiki. Lakini waliouchukia kupita wote ni wafuasi wa Hitler. Sinema yake iliyotengenezwa Munich mwaka 1922 waliipinga kwa vitisho. Nakala zake zikapotea miaka mingi, hata moja ikaonekana Moscow mwaka 1996. Walipotawala mwaka 1933 mchezo uliondolewa katika majumba ya Wajerumani, ukachezwa tu na Wayahudi kwa Wayahudi wenzao mjini Berlin. Vita vilipokwisha, tarehe 7 Septemba 1945, mji ungali vifusi, jumba kubwa la michezo la Berlin lilifunguliwa tena. Mchezo wa kwanza ulikuwa ni huo.

Mikono ya Bruda Luka

Sinema tunayotaka kukueleza hasa ni ya mwaka 2010. Ni ya Kifaransa, iliyotengenezwa na Xavier Beauvois, na jina lake maana yake ni Juu ya Watu na Miungu. Mwaka huo ilipata tuzo kuu ya waamuzi huko Cannes. Habari zake ni za kweli, za wamonaki Watrapisti wa Tibhirine, kijiji cha milimani nchini Algeria, ambako majirani wote walikuwa Waislamu.

Mkuu wao alikuwa Padre Christian de Chergé. Alipokuwa ofisa kijana wa jeshi la Ufaransa katika vita vya Algeria, mwaka 1959, Mwislamu mmoja jina lake Mohamed alimkinga asiuawe. Kesho yake Mohamed alikutwa ameuawa karibu na kisima chake. Alikuwa baba wa watoto kumi. Christian hakulisahau jambo hilo siku zote za maisha yake. Mwaka 1979 alishiriki kuanzisha chama kidogo cha kusali na kuzungumza pamoja na Waislamu. Na mwaka 1988, kijiji kisipokuwa na msikiti, wamonaki walitoa chumba katika eneo lao, Waislamu wakasali humo. Kengele ikalia upande huu, adhana upande ule. Hakuna aliyeacha dini yake.

Daktari wao ndiye Bruda Luka, aliyezaliwa mwaka 1914, akafika Tibhirine mwaka 1946. Alipokea wagonjwa makumi kwa makumi kila siku, bila malipo. Mikono yake haikuwa mitupu: ilikuwa na vidonge, bandeji na kipimo cha moyo. Lakini alikuwa na lile la pili pia, lile la kundi la tatu la Boston. Katika sinema yupo msichana wa kijiji aliyekaa naye kitako, akamwuliza mzee huyo mtawa habari za kupenda, kama vile angemwuliza babu yake. Naye akamjibu pasipo haya. Tena kuna mama mmoja aliyekuja na mtoto, viatu vyao vimekwisha, naye akawatafutia vingine kabla hawajaondoka.

Kisha vita vya wenyewe kwa wenyewe vikafika. Tarehe 14 Desemba 1993 mafundi 12, Wakristu wa Kroatia na Bosnia, walichinjwa mahali pasipo mbali na monasteri. Siku kumi baadaye, usiku wa Noeli yenyewe, watu wenye silaha wakaingia monasterini wakimtaka daktari awafuate milimani kwa majeruhi wao. Padre Christian alikataa: mzee yule hawezi kwenda, lakini majeruhi akiletwa zahanati atatibiwa kama mgonjwa mwingine ye yote. Wakaondoka. Wamonaki nao wakaanza kuulizana: twende au tubaki? Sinema haifichi kwamba waliogopa. Mmoja alilia usiku kitandani kwake, mwingine alikasirika kwamba mkuu aliamua bila kuwauliza. Mwisho walikubaliana kubaki, kwa kuwa wanakijiji hawakuwa na mahali pa kukimbilia.

Usiku wa tarehe 26 kuamkia 27 Machi 1996 wamonaki saba walichukuliwa. Tarehe 30 Mei vichwa vyao vilipatikana. Bruda Luka alikuwa na miaka 82. Siku chache kabla, Dominika ya Pentekoste, jamaa za Padre Christian walifungua barua aliyoiandika zaidi ya miaka miwili nyuma. Ndani yake aliwaomba watu wasiwahukumu Waislamu wala Waalgeria kwa kifo chake, na akamsamehe mapema mtu atakayemwua, akimwita rafiki. Tarehe 8 Desemba 2018, mjini Oran, Kanisa liliwatangaza wote saba kuwa wenye heri, pamoja na wenzao 12 waliouawa Algeria miaka hiyo.

Sinema ina urefu wa saa mbili, na hairukiruki. Kuna mahali ambapo wamonaki wameketi mezani, muziki waimba, hakuna asemaye neno, nawe watazama nyuso zao moja moja. Watoto wadogo watasinzia. Msemo wake ni Kifaransa, kwa hiyo wasomaji wa Kongo, Burundi na Rwanda watakuwa na watafsiri wengi. Kwingineko parokia itakayoionyesha itafute mtu mmoja wa kueleza kwa sauti, sehemu baada ya sehemu, na imweleze padre mapema kwamba baadhi ya picha ni za kutisha. Kama kijijini kwenu wako Waislamu, muwaalike wazee wao na wake zao, muwatandikie mikeka ya mbele. Adhana yao imo katika sinema, nao wataitambua kabla yenu.